Karatasi Ishirini za Chapchap

Kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka nyumbani kwetu. Mama alipokuwa bado anatafuta miwani yake apate kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, mimi nilikuwa nimeshaoga, nimeshafagia, nimeshakunywa chai, na niko mlangoni navaa viatu. Kaka yangu akanipachika jina la Chapchap. Jina likanifuata hadi shuleni, nami nikalipenda na kuringa nalo.

Langoni mwa shule nilimkuta Mama Matunda, jirani yetu, akipanga ndizi na machungwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umefagia, au umehamisha vumbi tu?"

Nilicheka, nikachukua kipande changu cha papai, nikakimbilia darasani.

Mwaka huo nilikuwa katika chama cha kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa ametupa kazi kubwa: tubuni programu ya simu ambayo wanafunzi wangesomea habari za shule, wangetoa maoni na kutumiana habari hizo wao kwa wao. Yeye angeshughulikia mitambo ya ndani. Sisi tungeamua programu ionekane vipi na kila kitufe kikae wapi. Tuliipa jina la Dirisha.

Tulikuwa watatu. Mhariri, kijana mrefu asiyekubali koma ikae mahali pasipo pake, aliandika habari. Mchoraji, msichana mpole wa darasa letu, alichora kila ukurasa wa programu kwenye karatasi yenye ukubwa wa simu. Mimi nilipewa kazi ya kukaa na wanafunzi ishirini, mmoja mmoja, nimpe kila mmoja ile simu ya karatasi, nitazame kidole chake kinakwenda wapi, kisha nimwulize maswali kumi.

"Usimsaidie mtu," mwalimu aliniambia. "Usimwonyeshe pa kubonyeza. Tazama tu, uandike unachokiona, hata kama hukipendi."

Nilipewa wiki nzima. Siku tano za kwanza niliruka kamba na rafiki zangu kila kengele ya mapumziko ilipolia. Ikabaki Jumamosi moja, na shule imefungwa. Nilikaa kwenye meza ya mama, karatasi ishirini mbele yangu, nikajiambia: kwani mimi si mwanafunzi? Watasema nini nisichokijua?

Nikazijaza zote mwenyewe. Nyingine niliandika kwa wino wa buluu, nyingine kwa mweusi. Mwandiko mmoja niliulaza kushoto, mwingine kulia, na mahali fulani nikakata neno na kuliandika upya ili ionekane mtu alisita. Mama alinitazama juu ya miwani yake, akasema, "Leo mwanangu umetulia kweli. Kazi ya shule?" Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Naona haya hadi leo kulikumbuka jibu hilo.

Swali la saba lilikuwa hili: Je, huisoma habari mpaka mwisho kabla ya kumtumia mwenzako? Kumi na tisa wangu walijibu ndiyo. Wa ishirini alijibu "mara nyingi", ili nimpe sura ya binadamu.

Jumatatu tulikaa kuamua kitufe cha Tuma kiwekwe wapi. Mhariri alitaka kiwe mwisho kabisa wa habari. "Mtu asome kwanza, ndipo atume," alisema.

"Nani atahangaika kushuka mpaka chini?" nikamjibu. "Kiwekwe juu, kando ya kichwa cha habari. Na usiwe na wasiwasi, watu wanasoma. Wote ishirini wamesema hivyo."

Mwalimu alizipitia karatasi zangu huku amekunja uso. "Watoto hodari kweli hawa," alisema. "Haya, kama ndivyo walivyosema, tuwafuate." Kitufe kikawekwa juu.

Wiki tatu baadaye Dirisha lilifunguliwa kwa shule nzima. Wenye simu nyumbani walisomea huko, na wengine walisomea kwenye kompyuta za maktaba. Kila mtu alitusifu. Mimi nilitembea kifua mbele.

Kisha wanafunzi watano wakaumwa tumbo siku moja. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja, akauliza, akapima, akapanda mpaka kwenye tangi la maji la shule. Kifuniko kilikuwa kimepasuka, na ndani alielea mjusi aliyekufa zamani. Mhariri akaandika habari. Kwa kuwa shule nzima ilikuwa ikinong'ona juu ya matunda, akaipa kichwa hiki: "Je, Matunda ya Langoni Yamewaumiza Wanafunzi?" Jibu lilikuwa katika aya ya nne, wazi kabisa: la, ni maji ya tangi, na wawili kati ya wale watano hawakuwa wamegusa tunda lolote.

Kufikia jioni, kompyuta ya mwalimu ilionyesha habari ile imetumwa mara mia moja na sitini. Walioifungua wakafika mwisho walikuwa kumi na mmoja.

Kile kichwa kilifika majumbani bila habari yake. Wazazi wakawakataza watoto. Wengine wakampigia simu mwalimu mkuu, wakali kama pilipili. Kesho yake meza ya Mama Matunda ilizungukwa na nzi tu, na keshokutwa yake mwalimu mkuu akamwomba aondoke langoni "mpaka mambo yatulie". Nilimwona akikunja kitambaa chake cheupe mara nne. Alifunga mapapai yote aliyokuja nayo kwenye gunia, akajitwika, akaondoka bila kugeuka. Sikumwamkia. Nilijificha nyuma ya ukuta wa choo, mimi niliyekula papai lake tangu darasa la kwanza.

Katika chama, lawama zote zilimwangukia Mhariri. "Kichwa chako ndicho kilichomponza yule mama," Mchoraji alimwambia kwa sauti ndogo. Mhariri hakujitetea. Alisema kichwa kilikuwa kibaya kweli, akaomba mtu mwingine aandike badala yake.

Mwalimu alitoa karatasi zangu kabatini, akazitandaza mezani. "Kichwa ni kosa," alisema, "lakini kuna jambo silielewi. Ishirini walituambia wanasoma mpaka mwisho. Shule nzima imetuonyesha haisomi. Hao ishirini ni wa shule gani?"

Nilitazama vidole vyangu nikitumaini kengele italia. Nayo ikalia, nikatoka mbio, na nikazidi kujichukia. Nilimwacha mwenzangu abebe mzigo wangu, na yeye ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo.

Nyumbani sikuweza kula. Mama alizima cherehani.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mama, ile Jumamosi niliyotulia, nilikuwa naandika uongo."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Mimi nikishona nguo bila kumpima mwenyewe, nguo haimkai. Lakini nguo hufumuliwa. Nenda kesho ukafumue."

Asubuhi nilisimama mbele ya mwalimu, Mhariri na Mchoraji. "Hao ishirini ni mimi," nilisema. "Sikumwuliza mtu hata mmoja. Mhariri alitaka kitufe kiwe chini, nikamshinda kwa uongo."

Mhariri alivuta zile karatasi za zamani. "Wote ishirini?" aliuliza. "Hata yule wa mara nyingi?"

"Hata yule."

"Nilimwamini kuliko wote," alisema. Hakuna aliyecheka, sembuse mimi.

Mwalimu alinipa karatasi ishirini mpya. Mapumziko yote ya wiki mbili zilizofuata nilikaa na wanafunzi halisi, nikatazama vidole vyao. Vidole kumi na saba viligusa Tuma kabla macho hayajafika mstari wa pili. Niliandika nilichokiona. Tukashusha kitufe mpaka mwisho wa habari, na Mhariri akakubali kurudi, kwa sharti kwamba kila kichwa kisomwe na sisi wote kabla hakijatoka. Mwalimu mkuu alisoma maungamo niliyoyaandika mbele ya shule nzima, nikiwa nimesimama pale pale mbele. Akawaeleza tena habari ya tangi, akawaandikia wazazi wote, kisha akatuma mtu kumwita Mama Matunda arudi.

Alirudi Alhamisi. Nilimsubiri langoni, nikamsaidia kutandika kitambaa, kisha nikamwambia kosa langu mwanzo mpaka mwisho. Aliendelea kupanga machungwa.

"Mliandika habari yangu," alisema hatimaye. "Mwalimu wenu alimwuliza muuguzi. Mhariri wenu aliwauliza wagonjwa. Mimi nakaa hapa, hatua kumi kutoka darasani kwenu, na jina langu liko midomoni mwa kila mtu. Nani alikuja kuniuliza?"

"Hakuna, mama." Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu, mimi nikienda kununua mapapai, nashika moja moja. Hata kama anayeniuzia ni mtu ninayemjua miaka mingi, bado nashika. Siku nitakayosema najua papai lilivyo kwa ndani bila kuligusa, siku hiyo nitawalisha watu vilivyooza. Watu ndio zaidi. Hujui alicho nacho mtu moyoni mpaka umwulize, ukae, umsikilize. Ukijijibia mwenyewe, umemnyima mdomo wake."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila samahani haiwaambii wazazi kwamba matunda yangu ni safi." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nikakaa, nikafungua daftari kwenye ukurasa mtupu, nikamwuliza huwa anaamka saa ngapi. Wanafunzi walianza kuingia langoni, kengele ya kwanza ikalia. Niliuliza swali la pili, kisha nikangoja ajibu.