Aliyeolewa na Kofia ya Chuma

"Linde, nakusihi, usiende kuolewa na mimi."

Gerlinde alikuwa mbele ya kioo cha jikoni, anabana nywele. Nyuma yake, Kapteni Eckart Behnke alikuwa ametoa kichwa tu kwenye shimo la viazi chini ya sakafu, ndevu za wiki mbili, macho mekundu. Bwana harusi mwenyewe ndiye huyo.

"Nisipokwenda watauliza kwa nini," alisema Gerlinde. "Mji mzima unajua nimeisubiri siku hii miaka mitatu. Nikikosa saa nne, saa tano wako hapa wanapekua."

"Na ukienda unakuwa mke wa mtoro wa jeshi. Wakinikamata hawataninyonga peke yangu."

Gerlinde alilijua hilo. Jana tu, akirudi na mkate, alimwona askari mmoja ananing'inia kwenye nguzo ya taa karibu na kanisa, kibao shingoni: NILIKUWA MWOGA.

Ilikuwa Aprili 1945, na mizinga ya Wamarekani ilishasikika ng'ambo ya mto. Huku kwetu wakati ule vita ilikuwa imetumalizia wanaume, basi serikali ikaruhusu ndoa za mbali. Bwana harusi anasema ndiyo mbele ya kamanda wake hukohuko vitani, karatasi inatumwa, halafu bibi harusi anasema ndiyo yake mjini, kando ya kofia ya chuma iliyowekwa mezani badala ya mume. Msicheke, walioolewa hivyo ni wengi. Eckart alisaini yake Januari. Machi akatoroka.

"Kuna jingine," Eckart akasema. "Ujue unaolewa na nani. Kule Urusi nilitoa amri kijiji kichomwe."

Kibanio kikamponyoka Gerlinde.

"Watu walikuwa wametoka?"

Eckart aliangalia mikono yake.

"Eckart! Watu walikuwa wametoka?"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Hanne, jirani yake na shahidi wake.

"Bibi harusi! Unajipamba mpaka vita iishe?"

Kichwa kikazama, ubao ukafunikwa, na Gerlinde akatoka bila kupewa jibu.

Ofisini kofia ilikuwa mezani, imepigwa rangi mpya. Msajili wa ndoa, mzee Kniep, alivaa miwani yake. Shahidi wa pili alikuwa Bwana Rausch, mkuu wa chama tawala pale mjini, bastola kiunoni.

"Kapteni Eckart Behnke," Kniep alisoma. "Poland, mwaka thelathini na tisa. Ufaransa, mwaka wa arobaini. Urusi miaka mitatu, akapanda kutoka luteni hadi kapteni. Nishani ya Msalaba wa Chuma, kwa ushupavu dhidi ya adui waliojificha vijijini."

"Mwanaume wa shoka!" Rausch akapiga paja.

Vijijini. Gerlinde alilirudia neno hilo moyoni. Hapo hapo simu ikalia.

"Halo? Ndiyo, ofisi ya ndoa... Behnke? Tangu lini?... Nimekusikia." Kniep aliirudisha simu polepole. "Polisi wa jeshi. Wanasema Kapteni hajaonekana kikosini majuma mawili."

Rausch akasimama, mkono kwenye bastola.

"Bibi. Yuko wapi?"

Bi Hanne alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Na maneno yaliyomtoka Gerlinde, mpaka kesho hajui aliyatoa wapi.

"Unaniuliza mimi? Ningekuwa naye, Bwana Rausch, ningekuja kuolewa na sufuria hili?" Aliipiga kofia kofi, ikalia. "Liangalie! Halina mikono, halina mdomo! Kama unajua mume wangu alipo, nionyeshe, nimfuate hata kama ni kaburini!"

Akaangua kilio, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza.

"Ndoa isimame," alisema Rausch.

"Isimame kwa karatasi gani?" Kniep akamtazama juu ya miwani. "Hii imesainiwa na kamanda wake, ina mhuri. Simu haina mhuri, Bwana Rausch."

Sisi watu wa huku, mbele ya mhuri hata mwenye bastola hushika adabu. Rausch alikaa, anapumua kwa nguvu.

"Gerlinde Ammon, unakubali?"

Angesema hapana baada ya kilio kile, Rausch angeelewa yote.

"Ndiyo."

Kniep alipomkabidhi cheti alimwinamia. "Nenda nyumbani, mwanangu. Ufunge mlango."

Aliufunga, kisha akainua ubao wa sakafu.

"Umesema?" Eckart aliuliza.

"Nimesema."

Akatoka shimoni anacheka huku analia, mikono ameitanua. "Mke wangu!"

Gerlinde alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa jiko.

"Ile ndiyo ya ofisini niliwapa wao, kwa hofu, ili uione kesho. Yako bado sijakupa. Nakupenda, Eckart, na sasa nakuogopa. Walikuwa wametoka?"

Viatu vizito vikapita barabarani. Wote wawili wakabana pumzi mpaka vikapotea.

"Hapana," alinong'ona Eckart. "Walikuwa ndani. Wazee, wanawake, watoto. Niliwasikia, Linde. Nilisimama pale nikawasikia. Mwaka huu nilipoamriwa tena kuchoma kijiji, miguu ikagoma, nikakimbia."

"Ukangoja mara ya pili."

"Ndiyo. Mara ya pili."

Gerlinde akakaa sakafuni. Alilia muda mrefu, na Eckart hakuthubutu kumsogelea.

"Wamarekani wakifika," alisema mwishowe, "utakwenda mwenyewe. Utawaambia."

"Na hao nao wataninyonga."

"Huenda." Gerlinde alifuta macho. "Nitakuja gerezani kila siku watakayoniruhusu. Hiyo ni ndiyo yangu kwako. Hutaki, mlango ule pale, nami nitawaambia watu nimefiwa."

Mizinga ilinguruma, vikombe vikatikisika kabatini. Eckart aliangalia mlango, kisha akamgeukia Gerlinde.

"Nitakwenda," alisema.

"Kijiji kiliitwaje?"

Akakitaja. Gerlinde akajaribu kulirudia lile jina, ulimi ukakwama.

"Tena," akasema, na sasa akamshika mkono. "Taratibu. Nataka nilijue hata wakikuua."