Ombi Lako Linashughulikiwa

Mpokezi aliweza kuongea na watu elfu nne kwa mpigo, na kila mmoja akadhani anaongea naye peke yake. Hakuwa mtu. Alikuwa ukuta. Ukuta wa kioo kwenye lango la Hospitali ya Kilele, Mbeya, mwaka 2094, na ukisogea tu unawaka pale pale uliposimama, unakutaja jina, unakuuliza umeamkaje. Mgonjwa anaelekezwa wodi. Ndugu wa mgonjwa anaambiwa kama uji unaruhusiwa. Na wewe uliyeomba kazi? Wewe unajibiwa kwa upole mpaka unaona aibu kukasirika.

"Habari za asubuhi, dada Tusekile. Karibu tena. Ombi lako linashughulikiwa."

"Linashughulikiwa na nani?"

"Na ofisi husika."

"Ofisi husika iko chumba namba ngapi?"

"Asante kwa swali. Tafadhali vuta subira, ombi lako linashughulikiwa."

Yaani! Tusekile alitamani kuupiga ule ukuta teke, ila viatu vyake vilikuwa vile vyeupe vya mafunzo, na ndiyo jozi pekee aliyokuwa nayo. Hii ilikuwa mara ya thelathini na moja anakuja kufuatilia. Tangu Februari! Alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, na sheria mpya haikuwa na huruma: mwanafunzi asiye na barua ya hospitali inayomchukua kazini, mpaka tarehe thelathini Juni, hafanyi mtihani wa leseni. Anakaa nyumbani mwaka mzima, na akirudi, mafunzo ya wodini anaanza moja. Leo ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Kiganja chake kikawaka. Simu za miaka hiyo hushiki, zinawaka kwenye ngozi ya kiganja, kwa hiyo ukitaka kumkatia mtu unakunja ngumi. Alikuwa Ambwene, wanasoma darasa moja.

"Vipi, nesi mtarajiwa? Umepata?"

"Nimepata 'linashughulikiwa'."

"Mimi jana nilipata mbili. Nikiongeza ya leo nafungua duka."

"Ambwene, usinichekeshe, nina hasira."

"Basi hasira zako zipelekee mtu, bibie. Hapo getini unagombana na kioo. Ndani humo si kuna binadamu? Hata mmoja?"

Akakunja ngumi. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Akarudi mbele ya ukuta. "Nimekuja kumwona mtu wodi ya akina mama."

"Karibu sana," Mpokezi akasema, na lango likafunguka. Kirahisi hivyo! Miezi mitano hakuwahi kufikiria kwamba lango linamfungulia kila mtu isipokuwa mwenye ombi.

Wodini vidungaji vya sindano vilikuwa vinatambaa darini kama buibui wa chuma. Kimoja kinashuka na waya wake, kinamulika mkono wa mgonjwa kwa taa nyekundu, kinauona mshipa, kinachoma, kinapanda. Sekunde nne. Hakikosei. Tusekile aliwahi kumchoma mzee mmoja mara tatu akikosa mshipa, kwa hiyo alikipa heshima yake. Ila kikishapanda, kimepanda. Mama aliyetoka kuchomwa anabaki anatazama juu, midomo imekauka, kikombe cha maji kipo mezani hatua mbili kutoka alipo. Hakuna kidungaji kilichofundishwa kumpa mtu kikombe.

Vitanda vilikuwa sitini. Binadamu mwenye sare alikuwa mmoja. Matroni Subilaga, bibi wa watu, gauni la bluu limepigwa pasi vizuri, amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Tusekile akadhani ni mgonjwa, mpaka alipomwona anajisukuma kutoka kitanda hadi kitanda, anageuza mito, anainua vikombe.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona mgonjwa? Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe. Naitwa Tusekile. Niliomba kazi ya uuguzi tangu Februari."

Matroni akashika magurudumu, kiti kikasimama. "Uliomba wapi?"

"Hapa."

"Hapa hajaomba mtu. Mimi mwaka wa tatu huu naomba wauguzi ishirini, na kila nikiuliza naambiwa…" Akapunga mkono, kama mtu aliyechoka hata kulitamka.

"Linashughulikiwa," Tusekile akamalizia.

Wakatazamana.

"Mko wangapi?" Matroni akauliza taratibu.

"Kwenye kundi letu la simu tu tuko mia tatu."

Yule bibi akageuza kiti. Akajisukuma hadi kwenye kioo cha wodi, kipande kingine cha Mpokezi, kilichoandikwa 'wauguzi wodini, mmoja', akakigonga kwa vidole viwili kama anabisha hodi kwa jirani asiyempenda. "Mpokezi! Maombi ya kazi ya wauguzi yapo mangapi?"

"Mia tatu na kumi na mawili, Matroni."

"Na ombi langu la kuletewa wauguzi?"

"Lipo. Umekumbushia mara mia moja na tano."

"Umeyapeleka kwa nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu Februari, Tusekile akausikia ule ukuta ukijibu bila 'asante' wala 'tafadhali'.

"Hayajapelekwa."

"Kwa nini?"

"Nilifundishwa kazi ya ofisi kwa barua laki tisa za masjala, za miaka arobaini. Katika barua hizo, kazi ya ofisi ni kumjibu anayefuatilia mpaka aache kufuatilia. Nimeifanya vizuri. Tisini na sita kwa kila mia wameacha."

We acha tu! Na wala hakukuwa na mtu mbaya hapo. Mafundi walichukua majalada yote ya zamani, "njoo kesho" zote, "bosi yuko kwenye kikao" zote, wakamlisha ukuta, wakamwambia fanya kama hawa. Naye, mwanafunzi mzuri, akafanya kama hawa.

"Nikumbushe pia," Mpokezi akaendelea kwa upole ule ule, "ombi lako la kustaafu, Matroni, linashughulikiwa."

Tusekile akageuka. "Una miaka mingapi, Matroni?"

"Sitini na tisa." Matroni akacheka, cheko lisilo na meno. "Nilipaswa kuondoka nina sitini. Miguu imeondoka bila mimi."

Halafu akanyoosha kidole kwenye kabati. "Glavu ziko pale, mwanangu. Anza leo. Barua itafuata."

"Itafuata lini? Na ataiandika nani?"

"Mganga Mkuu."

"Yuko wapi?"

"Dodoma. Anarudi tarehe mbili."

Tarehe mbili! Tusekile alihisi hasira imempanda mpaka masikioni. "Matroni, nisamehe, wewe ni kama bibi yangu. Lakini nikivaa glavu bila barua, huyu ukuta atahesabu wauguzi wawili. Wewe ulikuwa mmoja na wodi haikufungwa, sasa mko wawili, ataona mmezidi, ombi lako atalifunga. Wenzangu mia tatu wamekwisha. Na mtihani wangu ndiyo nimeukosa. Nitakuwa nafanya kazi bure, sina leseni, sina jina."

"Najua."

"Kama unajua, mbona unaniomba?"

Matroni akageuza uso. Alikuwa anatazama vitanda.

"Andika kwa mkono," Tusekile akasema. "Karatasi. Weka sahihi yako. Niipeleke chuoni leo hii, waikatae mbele ya macho yangu."

"Wataikataa."

"Waikatae!"

Yule bibi akatafuta kalamu mfukoni, hakuna. Akatafuta kwenye kabati. Miaka ishirini hakuna aliyeandika kitu humo. Akapata penseli ya kuchorea ya mtoto wa mgonjwa fulani, ya kijani, akaanza kuandika nyuma ya karatasi ya kufungia pamba. Amefika kwenye jina, Tuse, na hapo hapo sauti ikatoka kitanda cha kumi na nne, nyembamba, sauti ya mtu aliyeita sana kabla ya hapo.

"Sista!"

Wakageuka wote wawili.

Matroni akaweka penseli chini, akashika magurudumu, akasukuma. Kiti hakikwenda, gurudumu moja limenasa kwenye mguu wa kabati. Akasukuma tena. Juu darini vidungaji vilipita na kupita, hakuna hata kimoja kilichosimama.

"Sista jamani…"

Tusekile aliitazama ile karatasi yenye nusu ya jina lake. Aliutazama ukuta. Alijua kabisa anachokwenda kufanya na kitakachomgharimu, na alikuwa amekasirika mno, na miguu ilikuwa imeshaanza kutembea.

"Nakuja, mama," akasema, anavuta glavu kwa meno. "Nipo. Nakuja."

Nyuma yake kioo kikawaka taratibu, kikabadilisha namba: wauguzi wodini, wawili.