Jiwe la Mtoni Lilivyonishinda Karate

Hutaamini, lakini naapa ni kweli: mimi Kanako, mwepesi kuliko wote darasani kwetu, nilishindwa karate na jiwe!

Mwalimu Arakaki alitupa kazi ya siku thelathini. Kila alfajiri kabla ya shule tufanye naihanchi mchangani, kwenye mteremko wa shamba la miwa, na juu ya mawe ya mtoni. Naihanchi ni mfululizo wa hatua za karate: unakwenda ubavuubavu kama kaa, vidole vya miguu vimeng'ang'ania chini. Ukimaliza kila mahali, unaweka alama kwenye karatasi. Atakayeshinda ataonyesha karate kwenye sikukuu ya kuvuta kamba, mbele ya kijiji kizima. Jamani, niliitaka hiyo nafasi!

Lakini mchanga wetu wa Okinawa umejaa vipande vya matumbawe, unachoma! Basi nikawa nafanyia sebuleni, juu ya mkeka, halafu naweka alama zote tatu.

Siku ya mwisho tukabaki wawili wenye alama zote, mimi na Ryota wa darasani kwetu. Mwalimu akatupeleka mtoni. Tukauinamia mto kwa heshima, kama tunavyouinamia ukumbi wa mazoezi.

"Kanako, anza."

Hatua ya kwanza juu ya jiwe, safi. Ya pili, chubwi! Maji mpaka kifuani.

"Kaa karudi kwao!" Ryota akacheka. Yeye akapanda, akayumba, akamaliza.

Mwalimu akatazama karatasi zetu. "Kanako, umejituma siku thelathini, mwanangu. Siwezi kukunyima nafasi kwa kuteleza mara moja. Twendeni uwanja wa shule, mrudie pale palipo sawa."

Uwanjani! Pale Ryota haniwezi hata kidogo! Nikafungua mdomo niseme asante, kikatoka kingine.

"Mwalimu, alama zangu ni za uongo. Sijakanyaga jiwe hata siku moja."

Ryota akaacha kucheka. Mwalimu akasema, "Karatasi ilinidanganya mimi, lakini miguu yako haikudanganyika. Mazoezi usiyoyafanya hayawezi kukushika ukiteleza. Nafasi ni ya Ryota. Ila umesema kweli ukijua utaikosa, na hapo umeanza karate. Kesho ni siku yako ya kwanza."

"Nitakuja kukugongea alfajiri," Ryota akaninong'oneza. "Usipoamka, nakumwagia ndoo!"

Jana nilitimiza siku thelathini za kweli. Nyayo zimekuwa ngumu kama kwato, na jiwe lile nimelimaliza lote bila kulowa!

Haya, sema ukweli: nafasi iko mkononi, na hakuna anayejua. Wewe ungefanyaje?