Kikohozi cha Spika ya Nyuma

"Mdogo wangu, kuna mtu anakohoa nyuma ya kiti changu."

Dada mtu alinong'ona kwenye simu kama anayeogopa kumkera mgeni. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, na okestra ilikuwa hewani mtandaoni moja kwa moja.

"Ni watu wa ukumbini, dada," fundi sauti akamjibu kutoka chumba cha mitambo. "Spika za mbele zinakupa fidla, za nyuma zinakupa ukumbi. Ndiyo raha yake."

Alidanganya. Maikrofoni ya nyuma aliichomoa mwenyewe, akaifungia kabatini, wiki ile ile walipomzika shemeji yake, mume wa dada.

Spika zile tano alimpelekea dada baada ya msiba, akazipanga kuzunguka kiti chake. Watu wakamsifu, eti ndugu ndiye huyo. Ndugu gani, jamani! Shemeji alikuwa fundi wa piano. Siku ya kifo chake, tamasha likiwa hewani, alimaliza kazi yake, akajikalia peke yake safu ya mwisho, chini ya ile maikrofoni. Fidla ikilia peke yake, taratibu, kikohozi kikambana. Alijua nani yuko upande wa pili wa maikrofoni. "Shemeji," akasema, "nisaidie." Na fundi wetu, kwa kuwaonea haya wasikilizaji, akaishusha sauti ya nyuma mpaka chini kabisa. Taa za ukumbi zilipowashwa, mtu alikuwa ameshakata roho. Alipoulizwa, fundi akasema hakusikia kitu.

Tamasha la pili, dada akapiga tena. "Leo kasogea. Nasikia mpaka harufu ya zile peremende za kifua za mume wangu. Usinicheke, mwenzio nimefurahi."

Hakucheka. Harufu hiyo hiyo ilikuwa imejaa chumba cha mitambo. Roho ilimuuma kuliko alivyoogopa.

Tamasha la tatu alipokea simu mlio wa kwanza tu.

"Amesema nikuambie upandishe," dada akanong'ona. "Upandishe nini?"

"Sijui, dada."

Hapo hapo kile kitufe cha kutelezesha cha sauti ya nyuma kikaanza kupanda chenyewe, naye akakishusha, kikapanda, akakikandamiza kwa viganja viwili, jasho likimchuruzika, na kikapanda vile vile chini ya vidole vyake, harufu ya peremende ikijaa chumba, fidla ikizidi kufifia, mpaka spika za nyuma zikafunguka, si kwa kikohozi, bali kwa sauti yake yeye, maneno aliyoyasema siku ile akiwa peke yake chumbani humu, mahali pasipo na maikrofoni, yakaenda hewani nyumba kwa nyumba:

"Hebu nyamaza, shemeji, unaniharibia matangazo."

Kwenye simu, kikohozi kikakoma.

"Kumbe ulimsikia," dada akasema.