Siku Kumi na Mbili za Daftari la Maji

Kwa jina la Mola aliyekiumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Watu wa kisa hiki ni watatu. Wa kwanza ni mwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi, mzee ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Mapipa. Wa pili ni bintiye, mpishi mkuu wa rangi na mshika daftari la maji yatokayo kiwandani. Wa tatu ni mshauri wa viwango, aliyebandikwa jina la Bwana Kwanini, kwa kuwa kila alichoonyeshwa alikiulizia hivyo.

Binti na mshauri walionana kabla hawajajuana, adhuhuri moja, katika duka la kutoa nakala za hati lililofurika watu hadi mlangoni. Binti alivaa gauni la kijani na mtandio mweupe. Vidole vyake vilikuwa samawati mpaka kwenye vifundo.

"Dada, umeua nani mwenye damu ya samawati?" aliuliza mwanamume aliyekuwa kando yake.

"Mtu aliyenipita kwenye foleni."

"Basi mimi nasimama nyuma yako."

Jumatatu yake mwanamume yuleyule aliingia ofisini kwa Mzee Mapipa, shati limenyooshwa, jalada kwapani.

"Kumbe umesimama nyuma yangu mpaka huku," binti akasema.

Jambo lililomleta halikuwa dogo. Hospitali iliyonunua shuka zao ilikuwa imetangaza kwamba haitanunua tena ila kwa mwenye cheti cha toleo jipya la viwango vya ubora na mazingira. Cheti kikikosekana, wanawake arobaini wa kiwandani wangerudi nyumbani. Nalo toleo jipya halikuridhika na hati nzuri kabatini. Lilitaka kujua majirani wananusa nini, mvua ikizidi bwawa la maji machafu litafurikia wapi, na kama anayeandika ameona anachokiandika.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Mapenzi yalichukua muda mfupi zaidi, na yalipitia kwenye simu za jioni.

"Umekula?"

"Nimekula maswali yako. Leo umemuuliza mama wa kamba za vitambaa kwa nini anaanika upande ule."

"Akanijibu jua liko upande ule. Jibu zuri kuliko la baba yako."

"Baba yangu mseme vizuri. Huenda ukamhitaji."

"Namhitaji. Ukaguzi ukipita, nitawaleta wazee wangu, mpenzi. Mfungue mlango."

Wiki moja kabla ya mkaguzi kuja, mshauri aliendesha ukaguzi wa majaribio. Aliwakusanya wote bandani, akalifungua daftari la maji. Kila asubuhi binti alitakiwa kuchota maji ya bwawa, kuyapima uchachu, na kuandika namba. Saba ndiyo namba ya maji salama.

"Saba, saba, saba," mshauri akasoma. "Siku kumi na mbili mfululizo. Kwa nini?"

"Kwa sababu yalikuwa saba."

"Kipimo kilikuwa kwa fundi siku hizo zote. Nimeiona hati yake."

Binti alikuwa na miaka tisa ya kazi mbele ya mapipa. Aliyajua maji kwa rangi na povu lake kama mama anavyoijua homa ya mwanawe kwa kiganja. Aliyatazama, akaandika saba. Hakudhani kwamba amesema uongo.

"Hii ni kasoro kubwa. Naiandika," mshauri akasema, naye akaiandika, watu wote wakitazama.

Tangu siku hiyo simu za mshauri ziliita bila kupokewa. Mama wa kamba alimshauri binti anunue daftari jipya na kunakili yote upya kwa namba za kubuni. "Nani atajua, mwanangu? Na yule Kwanini wako mwache aulize kuta."

Binti alilinunua. Jioni aliliweka mezani kando ya lile la zamani, na babaye akayaona yote mawili.

"Ameniaibisha mbele ya watu, baba."

"Amekosa. Ya siri husemwa sirini." Mzee aliketi. "Lakini aibu aliikuta daftarini. Aliyeiweka humo ni nani?"

Binti akachukua kalamu, akazipiga saba zote kumi na mbili mstari mmoja mmoja, namba zikisomeka bado. Kando ya kila moja akaandika: *Hayakupimwa. Kipimo kilikuwa kibovu.* Akatia sahihi na tarehe ya jioni ileile. Daftari jipya alimrudishia mwenye duka.

Mkaguzi alikuwa mama mkavu wa maneno. Mshauri aliketi nyuma, kwa kuwa mshauri haruhusiwi kujibu. Mkaguzi alifika kwenye ukurasa ule, akainua macho.

"Nani aliandika hizi?"

"Mimi. Niliziandika kwa macho, si kwa kipimo. Sasa tuna vipimo viwili, na kimoja kikiharibika hatuandiki mpaka cha pili kipime."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kuna kasoro moja ndogo, imekwisha kurekebishwa, naye atapendekeza cheti kitolewe. "Daftari lisilo na kosa hata moja," akaongeza akifunga mkoba, "ndilo hunikosesha usingizi."

Mshauri alimkuta binti penye bwawa.

"Nilikosa adabu," akasema. "Ningekuambia wewe kwanza. Nisamehe."

"Adabu ulikosa wewe, hesabu nilikosa mimi. Nimesamehe, nisamehe."

"Wazee wangu je? Waje?"

"Kwa sharti. Ukiona kosa langu, niambie jikoni kabla halijafika sebuleni."

"Nisiliandike?"

"Usiliandike popote."

Wazee walikuja Jumapili, mlango ukafunguliwa. Mzee Mapipa aliishi kumwona mjukuu mmoja, kisha akatangulia mbele ya haki. Mola amrehemu; na waliobaki, wenye nyumba ile na wale arobaini wa kiwandani, awajaalie ulimi wa upole katika ukweli, na ukweli usiochoka katika upole. Amina.