Mlango wa Sita

Wewe, umewahi kuegemea mlango ukahisi nao unakuegemea? Usicheke upesi. Mhifadhi wa vitu vya kale naye alicheka, tena kwa dharau ya mtu mwenye shahada mbili, siku ile seremala wa karakana alipomwambia kwamba mlango ule wa chuma una joto.

"Una joto kwa sababu ni chuma na leo kuna jua," alisema.

"Dada, mlango uko kivulini tangu jana."

Aliushika. Ulikuwa na joto la mgongo wa mtu.

Mlango huo ulikuwa umeletwa karakana ya makumbusho pamoja na masalia mengine ya uwanja wa zamani wa mpira, uliokuwa umebomolewa: ubao wa magoli, benchi la wachezaji wa akiba, viti vya plastiki vilivyopauka, na bendera ya kona iliyotafunwa na panya. Mhifadhi alitakiwa kuandika ripoti ifikapo Ijumaa, aseme kila kitu kifanywe upya au kibaki kilivyo. Benchi halikuwa na ubishi. Bendera ilijisemea yenyewe. Mlango ndio uliokuwa na maneno.

Ulikuwa umebetuka katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Miaka ishirini na miwili nyuma, waya wa taa ulilipuka jukwaani mechi ikiendelea, watu wakakimbilia mlango wa sita, na mlango wa sita haukufunguka hadi ulipong'olewa bawaba. Walikufa kumi na mmoja. "Timu nzima," watu walizoea kusema, kisha wakaona haya kwa walichokisema. Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa kaka yake mhifadhi.

Wenzake kazini walisubiri alie. Yeye alichukua rula akapima ule mbetuko: sentimita kumi na nne. Haukuwa ushujaa. Tangu akiwa na miaka tisa, mahali pake pa kulilia palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, na hakuona sababu ya kujifanya panauma.

Jumatatu alikuja katibu wa klabu, simu mkononi.

"Tunataka unyooshwe, upigwe buluu ya timu, tuuweke kwenye ukumbi wa kumbukumbu. Watu wapige nao picha."

"Wapige picha na mlango uliowaua watu?"

"Wapige picha na historia, dada yangu. Historia inayopendeza."

"Ukiunyoosha utabaki na bati."

"Bati hilo lina wafadhili," alisema katibu, akatazama saa yake na kuondoka.

Nyumbani kwao mhifadhi aliishi na baba yake tu. Mzee huyo ndiye aliyekuwa mshika funguo wa uwanja ule, na ndiye aliyeiambia tume ya uchunguzi kwamba mlango wa sita haukufungwa na mtu. Kitasa kiliganda kwa kutu. Nani angemhoji mtu aliyetoka kumzika mwanawe? Tena alfajiri ya siku ya pili, kabla wakaguzi hawajafika, aliupaka mlango ule rangi kwa mkono wake ili damu isionekane, na watu wakamshukuru kwa staha hiyo. Baadaye akarudi nyumbani, akang'oa vitasa vyote vya nyumba. Mlango wa choo akautoa kabisa, akatundika pazia la maua ya njano. "Hapa kwetu ukiingia chooni uimbe," marehemu mama alikuwa akiwaambia wageni, "usipoimba utapata mwenzio." Wageni waliimba. Baba mwenyewe aliimba kila mara, wimbo uleule, hata wakiwa wawili tu nyumbani.

Na huyu mzee, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuuliza binti yake anafanya kazi gani hasa, wiki hiyo aliuliza kila asubuhi.

"Mmeufanyaje ule mlango?"

"Bado, Baba."

"Upakeni rangi, mwanangu. Kitu kikuukuu kinawatia watu huzuni."

"Mimi hakinitii."

"Najua," alisema, akaiacha chai yake ipoe.

Jumanne mhifadhi alianza kufungua madirisha. Katika kazi yao huwezi kuparua kitu chote kama unayemenya muhogo. Unachukua pamba na dawa, unaondoa rangi kwenye mraba mdogo usiozidi daftari lililofunguliwa, tabaka moja baada ya jingine, na mraba huo ndio unaoitwa dirisha. Alifungua la kwanza usawa wa kifua, upande wa ndani. Chini ya buluu palikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe palikuwa na kijani, na ile kijani ilikuwa imepakwa na mtu mwenye haraka, juu ya uchafu, bila kuosha. Haikushika palipokuwa na jasho. Kwa hiyo ilipotoka iliacha alama za viganja. Viwili, vitatu, kimoja kidogo juu ya kingine kikubwa. Kwenye kidole cha kimoja palikuwa na mkato wa pete iliyosokotwa kwa waya wa shaba. Pete ile aliisokota yeye kumpa kaka yake, akiwa na miaka tisa, kwa waya wa redio iliyokufa.

Aliupima mkato ule: milimita kumi na nane. Akaandika. Akangoja kidogo ahisi kitu, hakuhisi, akachukua pamba nyingine.

Ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri, jua limejaa karakana. Kwanza ilikuja harufu, ya jasho na maganda ya machungwa na dawa ya kuchua misuli. Kisha redio ya seremala ikafa katikati ya tangazo. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, na nyuma yake hapakuwa na nafasi ya kupita hata paka. Kisha bati likaugua, chini kwa chini, kama mtu anayebeba mzigo na hataki kuwaamsha wengine, na ule mbetuko wa sentimita kumi na nne ukaanza kupumua, ukitoka na kurudi, ukitoka zaidi na kurudi kidogo, na mahali ambapo hakuwa amefungua dirisha lolote rangi ikavimba malengelenge yenye umbo la vidole, vitano, kumi, vikipanda, vikigombea nafasi, vikikanyagana, na huko nyuma, ambako palikuwa na ukuta tu, watu wengi mno walikuwa wakinong'ona neno moja ambalo hakuna aliyelimaliza kwa kukosa pumzi.

"Dada," seremala alinong'ona naye, "wanasema nini?"

"Fungua."

Saa kumi na dakika tano kukawa kimya, redio ikaendelea na tangazo lake la sabuni. Mhifadhi alichukua rula. Sentimita kumi na tisa.

"Wewe huogopi?" seremala alimuuliza.

"Sijui. Nishikie hapa."

Jumatano seremala alikuja na shangazi yake, mama mnene mwenye miwani, anayejulikana kwa kutoa majini. Mhifadhi alijiandaa kwa vitimbi, akavikosa. Yule mama hakufukiza kitu wala hakupandisha sauti. Aliweka sikio kwenye bati, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akajitoa, mkono kifuani.

"Huyu siwezi kumtoa."

"Ni mkubwa sana?" aliuliza mhifadhi, na kejeli yake ikasikika.

"Wa kawaida tu. Lakini mimi huwatoa walioingia, mwanangu. Huyu hakuingia kwa mtu. Alikuwa amejikalia zake mlangoni, wengi wao hukaa milangoni, akafungiwa pamoja na wale watu. Pumzi zao za mwisho zimo kifuani mwake, zote kumi na moja. Anataka kutoka."

"Atolewe na nani?"

"Aliyefunga. Na asipokuja, atafuatwa aliko."

"Mlango haukufungwa na mtu. Kitasa kilikuwa na kutu."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Umekiona hicho kitasa?"

Hakuwa amekiona. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la wasomi: jalada la tume lilisema kutu, naye, mwanamke asiyevumilia uongo hata wa salamu, alilinakili neno hilo kwenye fomu yake bila kukigusa chuma. Alilinakili kwa sababu alijua lilitoka kinywani mwa nani.

Alifungua dirisha la mwisho pale kwenye kitasa. Ilimchukua mpaka Alhamisi adhuhuri. Buluu, nyeupe, kijani, halafu girisi, bado laini, na chini ya girisi chuma cheupe kisicho na doa. Ulimi wa kitasa ulikuwa umetoka nje na umepinda ukiwa nje, kama unavyopinda ulimi wa mlango uliofungwa kwa ufunguo na kusukumwa na watu wengi.

Alikata neno "kutu" kwenye fomu. Penye maamuzi akaandika: *ubaki ulivyo, usipakwe rangi kamwe*. Akanawa mikono, akaondoka kazini saa tisa na nusu.

Nyumba ilinuka machungwa.

Hakuna aliyekuwa akiimba. Pazia la choo lilikuwa limevimba kuja upande wake, maua ya njano yamekazwa kama ngozi ya ngoma, na halikurudi nyuma kama pazia linavyorudi upepo ukiliachia.

"Baba?"

"Fungua," sauti ya mzee ilisema, chini sana.

"Ni pazia, Baba. Sukuma tu."

"Halisukumiki."

Alilishika. Kitambaa kilikuwa kigumu kama bati, na kilikuwa na joto la mgongo wa mtu. Chini ya maua vilianza kupanda viganja, kimoja baada ya kingine, pande zote za kile kilichokuwa cha baba yake, vikikibana, vikipanda juu yake, na kimoja kilikuja taratibu kikasimama palepale alipokuwa ameweka mkono wake, akahisi kwenye kidole mkato wa waya. Kifua chake kikaanza kuchoma, kama mguu unavyochoma damu inaporudi.

"Baba," alisema, "nimekifunua kitasa cha mlango wa sita leo. Kilikuwa na kutu?"

Upande wa pili mzee alivuta pumzi, ikawa fupi. Akavuta nyingine, fupi zaidi.

"Hakikuwa na kutu," alisema. "Watu walikuwa wanapenya bila tiketi, na kule uwanjani mwamuzi kapuliza filimbi. Nikafunga mimi. Nikaweka ufunguo mfukoni, nikaenda kutazama penalti."