Chumvi Iwekwe Wapi?

Kila asubuhi pale Quitunda, kijiji cha waliohamishwa kaskazini mwa Msumbiji, kabla moto haujashika, Zuleica na mumewe Anuar walikariri Kiingereza. Walikariri kama walivyofundishwa Kurani chuoni utotoni: kwa sauti, wakiyumba, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho bila kukata. "Table, meza. Chair, kiti. Salt, chumvi..." Majirani walishazoea.

Zuleica aliitaka sana kazi ya stoo katika jiko la kambi ya wafanyakazi wa mradi wa gesi. Tangu wahamishwe kutoka pwani kupisha mradi huo, samaki wa kuuza walikuwa wa kubahatisha. Mara ya kwanza alishindwa jaribio. Aliambiwa aweke chumvi mahali fulani, naye akaanza kukariri kimoyomoyo tangu "table". Kabla hajafika popote, akaitwa mwingine. Iliuma. Sasa ameitwa tena, na jaribio ni kesho.

Jirani yake Verónica, mwalimu wa Kiingereza aliyetoka Mueda, alimkuta uani akipanga ng'onda, samaki wa kukaushwa, kwenye kapu.

"Dada Zuleica, 'under' ni nini?"

Zuleica akafumba macho. "Table, meza. Chair, kiti..."

"Basta, inatosha," Verónica akacheka. "Mpaka ufike mwisho wa mnyororo huo, samaki wameoza. Fungua macho. Majani umeyaweka wapi?"

"Chini ya samaki."

"Under the fish. Na chumvi?"

"Kati ya samaki na samaki."

"Between. Na mfuniko?"

"Juu ya kapu. Ndiyo 'on', mwalimu?"

"Ndiyo hiyo. Sasa sikia. 'Salt' na 'basket' ni nomino, majina ya vitu. 'Put' ni kitenzi, kazi ya mkono wako. 'Under', 'on' na 'between' ni vihusishi, kwa Kireno preposição: vinaonyesha kitu kiko wapi. Ukiambiwa neno, jiulize: nifanye nini, kwa kitu gani, wapi? Haya, put the salt under the leaves."

"Chumvi chini ya majani? Ng'onda wangu wataharibika, mwalimu."

"Leo wacha waharibike."

Zuleica akaangua kicheko, akaiweka. Walipanga kapu na kulipangua mpaka mikono ikanuka chumvi tupu. Maneno yalikuwa yakimjia yenyewe, kila moja na mahali pake, naye hakutaka kuacha.

Kesho yake, mpishi mkuu akamtazama. "Put the salt between the rice and the oil."

Put: mkono ukanyanyuka. Salt: ukashika pakiti. Between: pakiti ikatua katikati ya mchele na mafuta. Akaambiwa mengine, hakukosea hata moja. Akaambiwa aanze Jumatatu.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. "Anuar, put the fish on the fire!"

Anuar akasimama katikati ya ua, akafumba macho, akaanza kuyumba. "Table, meza. Chair, kiti..."

Zuleica akaliweka kapu miguuni pake.

"Fungua macho, mume wangu. Tuanze na majani."